Punda wa Serikali Malishoni Afra

Mwaka ule zamu ya kutoa mkuu wa nyasi iliuangukia ukoo wa Bassu, na Bassu hakushtuka hata kidogo. Alikwenda kukaa na wanaume wa ukoo wake ng'ambo ya kijito, kama desturi inavyotaka, maana kwetu ukoo wenye zamu haujichagulii mkuu. Unakaa kando kama bibi harusi, huku koo mbili nyingine zikiamua ni nani kati yenu anayefaa. Bassu alikaa akivunja lozi na kupiga soga. Nani angemchagua yeye? Yeye alikuwa mukadamu, jicho na sikio la serikali katika kijiji cha Tamalut, mtu wa kubeba barua za mkuu wa tarafa na kurudi na majibu. Tangu milima ile iumbwe, hakuna aliyewahi kumkabidhi mtu wa serikali malisho.

Kumbe wenzake wa koo zile mbili walikuwa wamekwisha kula njama. Walivuka kijito wakichekea kwenye mikono ya kanzu zao za sufu, mbele yao Akka, mfuga kondoo mwenye ulimi unaoweza kunyoa ndevu. Kabla Bassu hajajua kinachoendelea, Akka alikuwa amekwisha kumchomeka kishada cha majani mabichi kwenye kilemba, na hiyo ndiyo hati ya kiapo kwetu. Hakuna nyingine.

"Miaka kumi na mmoja tunasikia maneno ya serikali kutoka kinywani mwako," Akka alimwambia. "Sasa na serikali isikie ya kwetu kutoka kinywa hichohicho. Ya nini tumchoshe mtu mwingine na safari za mjini?"

Watu walishika mbavu. Bassu naye alicheka, lakini alipofika nyumbani alijitazama kwenye kioo cha mkewe kwa muda mrefu, na lile jani kilembani likamfurahisha kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Katikati ya Machi, malisho ya Afra, yale ya juu, hufungwa. Kuanzia hapo hakuna kwato inayokanyaga mle mpaka majani yakomae na kuangusha mbegu. Mkuu wa nyasi ana walinzi wawili, na siku akiona mbegu zimeiva hutangaza tarehe, kisha mifugo ya koo zote tatu huingia alfajiri moja, tajiri na maskini bega kwa bega. Atakayeingiza mnyama kabla ya siku hiyo hutozwa faini: anachinja na kuwalisha wanaume wa koo zote tatu, kwa mkono wake, nyumbani kwake. Hakuna polisi anayeitwa. Aibu ya kuwamiminia chai watu uliowaibia majani inatosha.

Miezi mitatu ilikwenda salama. Kisha, katikati ya Juni, Bi Ghizlan alimwita mjini.

Bi Ghizlan alikuwa mkuu wa tarafa, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyetoka mji wa pwani, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili kwenye baridi yetu. Hakumwogopa mtu ila mkuu wa mkoa. Alimpenda Bassu kwa sababu kati ya mukadamu wake wote ni yeye peke yake aliyekuwa akimwambia anapokosea, ingawa kwa kawaida alimwambia siku tatu baadaye.

"Mzee Bassu, kaa," alisema, naye Bassu akajua mambo si mazuri, maana kwa kawaida alimwita Bassu tu. "Kuna mgeni anakuja kutoka wizarani. Mkuu wa mkoa anataka amwonyeshe kondoo wakiingia Afra. Mahema, ngoma, wapiga picha. Mgeni ana nafasi tarehe ishirini na nne tu."

"Ya mwezi gani, Bibi Mkuu?"

"Mwezi huu."

 Bi Ghizlan alisukuma bahasha mezani. Juu yake palikuwa pameandikwa: Kwa mkuu wa nyasi wa Tamalut, kwa mkono wa mukadamu. Ndani, agizo kwamba malisho yafunguliwe tarehe ishirini na nne Juni, saa tatu kamili asubuhi.

"Umfikishie," alisema Bi Ghizlan, "asaini kitabu, uniletee jibu lake." Wala hakutabasamu. Alikuwa na mafaili hadi shingoni, na nadhani siku ile alikuwa amesahau kabisa kwamba mkuu huyo wa nyasi ndiye aliyekaa mbele yake.

Bassu aliipeleka barua kijijini kwa pikipiki, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaitazama. Mkewe Itto alikuwa akikanda unga wa shayiri.

"Ya nani?"

"Ya mkuu wa nyasi."

"Si umpelekee? Yupo nyumbani huyo?"

"Itto, tafadhali."

"Mimi nauliza tu. Kama yupo, toka nje upige hodi. Serikali haiingii nyumbani kwa watu hivihivi." Na alicheka mpaka unga ukamruka usoni.

Lakini Bassu alikuwa mtu wa utaratibu. Alifungua kitabu cha barua, akatia sahihi kwenye nafasi ya aliyekabidhi, kisha akatia nyingine kwenye nafasi ya aliyepokea, na hiyo ya pili aliipinda kidogo isije ikaonekana ni mkono wa mtu mmoja. Ndipo akaisoma barua upya, kana kwamba hajui kilichomo, na kadiri alivyosoma uso ulimkunjamana.

Kesho yake alipanda Afra kwa miguu. Majani yalimfika magotini na yalikuwa yamependeza, na mgeni yeyote angeapa yameiva. Alichuma suke, akalifikicha viganjani. Lilitoa maziwa. Akachuma jingine upande wa jua, nalo likatoa maziwa. Alikuwa na miaka saba mwaka ule wa ukame walipofungua Afra mapema kwa kukosa subira, na alikumbuka vizuri kilichofuata: mbegu haikuanguka, na kwa miaka mitatu Afra ikaota miiba na mawe, baba yake akauza kondoo hadi wa mwisho na kwenda kuchimba makaa ya mawe ugenini. Alirudi akiwa anakohoa. Bassu aliyapangusa maziwa yale kwenye kanzu yake, akashuka.

Ofisini mjini alisimama wima mbele ya meza ya Bi Ghizlan.

"Barua imefika, Bibi Mkuu. Imesainiwa."

"Ahsante. Amejibuje?"

"Amekataa."

"Nani amekataa?"

"Mkuu wa nyasi."

Bi Ghizlan aliinua macho polepole. "Bassu. Mkuu wa nyasi si ni wewe?"

"Ni mimi. Lakini leo nimekuja kama mukadamu, na mukadamu hana maoni. Yeye anasema mbegu bado ni maziwa, zinahitaji siku kumi na tano, labda kumi na saba, baada ya tarehe yenu. Mjumbe hauawi, Bibi Mkuu."

"Na wewe mukadamu, ulijaribu kumshawishi?"

"Usiku kucha. Ni mkaidi kupita kiasi."

Bi Ghizlan alicheka licha ya kutotaka, kisha kicheko kikamwisha ghafla na akashika kichwa. Kadi za mwaliko zilikwisha kuchapishwa. Mkuu wa mkoa alikuwa amempigia simu mara mbili asubuhi ile. Alimwambia Bassu waziwazi, na kwa upole, jambo ambalo lilimuuma Bassu zaidi kuliko kama angefoka: mtu hawezi kuwa mkono wa serikali na ngumi inayoipinga. Achague. Kama agizo linatekelezwa, vizuri. Kama halitekelezwi, basi alete mkoba wa ukadamu na kitabu chake, naye atafute mtu mwingine. Alimpa mpaka Alhamisi.

"Njia mbili zilimshinda fisi," alisema Bi Ghizlan.

"Fisi hakuwa na pikipiki," alijibu Bassu, lakini sauti haikuwa yake.

Aliipenda kazi ile, tusimdanganye mtu. Posho yake ilikuwa ndogo. Lakini mjane akitaka cheti cha ukaazi, kijana akitaka kitambulisho, barafu ikifunga njia na mwanamke ana uchungu wa kuzaa, walimwita yeye, na yeye ndiye aliyejua amsumbue nani mjini mpaka gari lipatikane. Tamalut isiyo na mukadamu wa kwao ingeletewa mtu kutoka bonde jingine, asiyejua mlango wa nani umeinamia wapi. Njiani alisimamisha pikipiki mara mbili bila sababu.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu mwenye cheo kimoja asingeweza kulifanya.

Kabla hajaondoka mjini, karani alikuwa amempa agizo dogo: awaongoze wapagazi wapandishe mahema Afra, wayaache pale tayari. Bassu alilipima agizo lile njia nzima. Mkuu wa nyasi alikuwa amekataza kufungua malisho kwa mifugo. Mahema si mifugo. Mahema hayali. Kwa hiyo mukadamu angeweza kulitii, walau hili, na Bi Ghizlan angeona kwamba si mtu wa kupinga kila kitu. Jumanne asubuhi alipanda na msafara, mahema mgongoni mwa punda kumi na wawili waliokodiwa na serikali, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye mahema. Alipofika juu akageuka kumsaidia mpagazi kufungua kamba. Alipogeuka tena, punda kumi na wawili walikuwa wameinamisha vichwa kwa pamoja, wakila kwa raha kama walioalikwa harusini.

Walinzi wawili wa nyasi walifika wakikimbia, wakasimama, wakatazamana. Mkubwa wao alikohoa.

"Mkuu wa nyasi," alisema, "tumekamata mtu kaingiza wanyama Afra."

"Nani?" aliuliza Bassu, ingawa alijua.

"Wewe."

Punda waliondolewa na mahema yao, lakini habari ilishuka mlimani kabla yao. Jioni, jua likiwa bado juu ya kilele, wanaume walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Bassu alitarajia kuchekwa, na angalau hilo angeliweza. Badala yake Akka alisimama akazungumza kwa sauti ya taratibu, sauti ambayo hakuna aliyemjua nayo.

"Jamani, tusikuze mambo. Punda ni wa serikali, kamba ni ya serikali, agizo ni la serikali. Wamekula vishada viwili vitatu. Na Bassu wetu ana kesi ya kumtosha Alhamisi. Tuseme hatukuona. Nani atatulaumu?"

Watu waliguna kukubali. Walimpenda, ndiyo maana walimpa lile jani kilembani, na sasa walitaka kumwonea huruma. Bassu aliwatazama mmoja mmoja. 

"Nawashukuru," alisema. "Mmenipa heshima nisiyostahili. Lakini nikisamehewa leo, Alhamisi nitamwambia nini yule mama? Kwamba Afra imefungwa kwa kila mtu isipokuwa punda wa serikali? Si atacheka! Atasema, kama punda wanaingia, kondoo wana kosa gani? Sheria ni msumeno, ndugu zangu. Mukadamu Bassu ameingiza punda kumi na wawili. Mimi, mkuu wa nyasi, namtoza faini. Atawalisha Alhamisi mchana."

"Na yeye anakubali?" Akka aliuliza.

"Ananung'unika, lakini atalipa."

Nyumbani, Itto aliposikia, hakucheka safari hii. Kondoo mmoja tu waliyekuwa naye wa kufaa alikuwa dume aliyemlea mwenyewe kwa makombo ya mkate, mnyama aliyekuwa akimfuata hadi kisimani.

"Kosa la serikali, kondoo wa Itto," alisema.

"Kosa ni langu, mke wangu."

"La kwako na la aliyekutuma." Alifunga kitambaa chake kichwani kwa nguvu. "Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa huyo mama wa mjini, ni wa kwenu au si wa kwenu?"

 Jibu alikuwa nalo Itto mwenyewe. Jumatano alipanda gari la sokoni, akaingia ofisini kwa mkuu wa tarafa akiwa na viatu vyenye vumbi, akasema maneno yake na akarudi bila hata kukaa. Alichosema, alimwambia mumewe usiku, ni hiki tu: "Umemtuma mume wangu, akatenda kosa, analipa. Kesho tunakula faini. Njoo uile na sisi."

Alhamisi mchana nyumba ya Bassu ilijaa hadi uani. Kuskusi ilitoka kwa masinia, siagi ikiyeyuka juu yake na nyama ya yule dume wa Itto katikati, na Bassu alizunguka na birika na beseni akiwanawisha watu mikono, mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama kama desturi inavyotaka. Alimnawisha na Akka, ambaye hakusema neno, na kwa Akka hilo lilikuwa sawa na kulia. Kwenye kona, chini ya ukuta, Bassu alikuwa ameuweka mkoba wa ukadamu, umepanguswa vumbi, kitabu cha barua ndani. Alikuwa amechagua. Hakuwa na furaha nao, uchaguzi ule, lakini alikuwa amelala usingizi.

Gari la serikali lilisikika likipanda. Bi Ghizlan alishuka na sare zake za kaki, akazunguka nyuma ya gari na kufungua mlango. Akatoa kondoo, dume mkubwa aliyefungwa miguu, na kwa kuwa hakujua kubeba kondoo alimshika kama mtu anayebeba godoro.

"Aliyemtuma ni mimi," alisema, akihema. "Punda walikuwa wa ofisi yangu. Sijui mnafanyaje hapa, lakini nadhani huyu ni wangu kulipa. Nimemnunua mwenyewe."

 Hakuna aliyekuwa amewahi kuona serikali ikilipa faini. Walinzi walimpokea kondoo. Itto alimtazama yule mnyama, akamtazama Bi Ghizlan, kisha akasogea kwenye mkeka na kupiga mahali patupu kwa kiganja.

"Kaa, binti yangu. Umekonda."

Bassu alimnawisha mikono. Maji yalipokwisha aliufuata mkoba, akauweka mbele yake juu ya kitambaa cha chakula.

"Leo ni Alhamisi, Bibi Mkuu. Afra haifunguki tarehe ishirini na nne. Mkoba huu hapa. Na kitabu kimo ndani, hakikosi ukurasa." Alitaka kusema zaidi, kwamba miaka kumi na mmoja ilikuwa mizuri, lakini akaacha, akalishika tena birika.

Bi Ghizlan aliutazama mkoba, akawatazama wanaume wa koo tatu wenye mikono iliyolowa, wakingoja, maana hakuna aliyekuwa ameonja.

"Simu inashika wapi hapa?" aliuliza.

"Juu ya paa langu tu," alisema Itto. "Na hata pale upige kelele."

Alipanda ngazi ya mti na viatu vyake vya ofisi. Walimwona amesimama kati ya aprikoti zilizoanikwa, mkono mmoja sikioni, mwingine unashika kofia isipeperuke. Na kwa kuwa ilibidi apige kelele, kijiji kizima kilisikia, pamoja na wanawake waliokuwa kisimani.

"Ndiyo, bwana mkuu... Tarehe ishirini na nne haiwezekani... Hapana, bwana. Nyasi hazijaiva... Zina maziwa... Maziwa, bwana, mbegu!"

 Aliyekuwa upande wa pili alikuwa akizungumza kwa muda mrefu. Bi Ghizlan alibadili mkono. Kisha inaonekana aliulizwa swali, kwa sababu aligeuka, akatazama chini uani, na macho yake yakamfikia Bassu aliyesimama na birika. Bassu alijua ni swali gani. Alikuwa amelingoja tangu siku ile barua ilipotoka kwenye bahasha: Nani amesema? Aliliweka birika chini, akajitayarisha kuitwa jina.

"Mimi, bwana mkuu," Bi Ghizlan alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyesema."

Alisikiliza tena. Akasema ndiyo bwana mara tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Akashuka taratibu, akipapasa kila kipago kwa mguu, na Akka ndiye aliyeinuka kumshikia ngazi.

Alikaa mahali pake. Uso ulikuwa umempauka, lakini mikono ilikuwa imetulia.

"Mgeni haji," alisema. "Mkuu wa mkoa naye haji mwaka huu. Mwezi ujao anataka niende kumweleza ana kwa ana kuhusu hii habari ya maziwa. Haya, mbegu zitaiva lini?"

"Tarehe kumi na moja Julai," alisema Bassu. "Inshallah."

"Andika barua, niitie sahihi." Aliukata mkate wa shayiri, akatafuta mahali pa kuuweka, akausukuma mkoba kwa kiwiko hadi ukamgusa Bassu gotini. "Na ondoa kitu chako hapa, Bassu. Watu wanataka kula."

Bassu aliuchukua, akaupachika begani. Alijaribu kuwakaribisha wageni, kama mlipa faini anavyopaswa, lakini sauti haikutoka, na ilibidi mkewe aseme bismillahi kwa niaba yake.